Nia Njema au Kilemba? Uhakiki wa Istilahi Mbili za Uhasibu

Katika uwanja wa istilahi yapo maneno ambayo kosa lake humwudhi mwalimu wa lugha peke yake, na yapo mengine ambayo kosa lake humgusa mtu mfukoni na katika heshima yake. Makala haya yanahusu maneno ya aina hiyo ya pili. Tumekusudia kuzihakiki istilahi mbili za uhasibu ambazo mfasiri hulazimika kuzikabili kila kampuni ya nje inapotangaza kwamba biashara iliyoinunua nchini mwetu haina tena thamani ile iliyolipiwa. Istilahi ya kwanza hutaja ziada anayoilipa mnunuzi juu ya thamani ya mali ya biashara. Ya pili hutaja kupungua kwa ziada hiyo. Mfasiri mwenye kamusi ya kawaida mkononi na muda mfupi mbele yake huelekea kuiandika ya kwanza "nia njema" na ya pili "uharibifu". Tutajaribu kuonyesha kwamba maneno hayo, mbali na kutofaa, humtwika lawama mtu asiyehusika.

Tumeuchagua mkoa wa Singida kuwa mahali pa mifano yetu kwa sababu jambo lenyewe si geni huko. Dhahabu ya Sekenke, katika Iramba, ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1916 ikatumika kutengenezea sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora wakati wa vita. Mgodi wa Singida uliopo wilaya ya Ikungi ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023 ukiwa mali ya Shanta Gold, kampuni ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la London. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikanunuliwa yote na mmiliki mwingine wa nje, ikatoka katika soko hilo. Hatuutaji mgodi huo kwa kudai kwamba thamani yake imepungua. Tunautaja ili msomaji aone kwamba mali iliyo katika kijiji cha Singida yaweza kukadiriwa bei, kununuliwa na kuuzwa katika mji ambao wanakijiji hawajauona. Habari za makadirio hayo zikifika kijijini, hufika kwa njia ya tafsiri.

Na tuitunge sentensi moja ya mfano, kwa kuyafuata mazoea ya tafsiri za haraka. Tuseme kwamba kampuni ya kigeni imenunua kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mjini Singida, na baada ya miaka michache biashara imekwenda kombo. Tangazo linabandikwa ukutani: "Kampuni mama imetambua hasara ya uharibifu wa nia njema katika kitengo chake cha ng'ambo kinachohangaika." Tumfikirie sasa mtambo wa kazi, mzee aliyeendesha kinu cha kukamulia kwa miaka kumi, akilisoma tangazo hilo. Atauliza maswali matatu, na yote yatakuwa ya haki. Nia njema ya nani imeharibika? Nani ameiharibu? Na huko ng'ambo ni wapi? Jibu la sentensi hiyo, kwa jinsi ilivyoandikwa, ni kwamba wafanyakazi wa Singida walikuwa na nia njema zamani, na sasa hawana. Hapana mhasibu hata mmoja aliyekusudia kusema hivyo.

Tuanze na "nia njema" yenyewe. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba imefasiri vipande vya neno badala ya kufasiri jambo. Nia hukaa moyoni mwa mtu; ziada tunayoizungumzia hukaa katika kitabu cha hesabu. Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba neno hilo lina kazi nyingine tayari. Katika sheria, "nia njema" ni hali ya mtu aliyetenda bila hila, kama vile mnunuzi wa shamba asiyejua kwamba muuzaji hakuwa mwenye shamba. Tangu sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, hakimu wa Manyoni au wa Kiomboi yampasa kuandika mambo hayo kwa Kiswahili. Ikiwa shauri la biashara litamletea "nia njema" ya mkataba na "nia njema" ya vitabu vya hesabu katika ukurasa mmoja, tutakuwa tumemtegea mtego kwa mikono yetu wenyewe. Istilahi moja kubeba dhana mbili katika fani zinazokutana kila siku ni jambo ambalo kila kanuni ya uundaji wa istilahi hulikataza.

Wapo wanaopendekeza "jina jema" au "sifa njema ya biashara". Pendekezo hili lina hekima, kwani wateja hufuata jina. Hata hivyo halikidhi haja. Kanuni za kimataifa za uhasibu, ambazo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilizipokea kwa matumizi ya Tanzania kuanzia mwaka 2004, haziruhusu mwenye biashara kuliandika vitabuni jina jema alilojijengea mwenyewe, hata likiwa limevuma kutoka Shelui hadi Itigi. Kinachoandikwa ni ziada iliyolipwa siku ya ununuzi, basi. Ziada hiyo yaweza kuwa imelipwa kwa ajili ya jina, au kwa ajili ya ustadi wa wafanyakazi, au kwa tumaini la faida litokanalo na kuunganisha biashara mbili, au kwa sababu tu wanunuzi wawili walishindana na bei ikapanda. Kuiita yote "jina jema" ni kuyaficha hayo mengine. Tunashauri "jina jema" libaki na kazi yake ya kutaja sifa ambayo biashara imejijengea yenyewe na ambayo haiingii vitabuni.

Wengine husema neno la Kiingereza likopwe lilivyo, tuandike "gudwili". Wafanyabiashara wa Nairobi wamelikopa kweli, nao hulitumia kwa fedha anazotoa mtu ili aachiwe kibanda au chumba cha duka mahali penye wateja. Mfano huo wa Nairobi ni muhimu kwetu, lakini si kwa kutufanya tukope. Unatuonyesha kwamba mtu wa sokoni, asiyesoma kanuni yoyote ya kimataifa, aliona wazi undugu uliopo kati ya ziada ya kitabuni na fedha ya kupewa nafasi. Na fedha hiyo, kwa wafanyabiashara wa Tanzania, ina jina lake la Kiswahili: huitwa kilemba.

Hapa ndipo tunapoweka pendekezo letu. Mtu anayetaka fremu ya duka Kariakoo humlipa mwenye nyumba kodi yake, na humlipa mpangaji anayeondoka kilemba chake. Kilemba si bei ya rafu wala ya bidhaa. Hulipwa kwa ajili ya mahali, wateja waliokwisha kuzoea kufika hapo, na mategemeo ya kesho. Maana hii haikuzuka hewani. Kabla yake kilemba kilikuwa, na hata sasa ni, zawadi ya heshima itolewayo kwa mzazi wakati wa posa, au kwa fundi aliyemaliza kumfunza mtu kazi. Yaani kitu kilipwacho juu ya hesabu ya kawaida, kwa kuthamini kisichopimika kwa mizani. Sifa hizo zote zimo katika dhana tunayoitafutia jina. Basi tunapendekeza iitwe "kilemba cha ununuzi", na pale ambapo muktadha ni wazi, "kilemba" peke yake.

Hesabu ndogo itafafanua. Tuseme mnunuzi amekilipia kile kiwanda cha Singida shilingi milioni 900. Majengo, mitambo, mbegu zilizo ghalani na mali nyingine, kwa thamani yake ya haki na baada ya kutoa madeni, ni shilingi milioni 700. Kilemba ni shilingi milioni 200. Mwaka unaofuata mali hizo zimechakaa kidogo na kubaki milioni 690, na pamoja na kilemba vitabu vinaonyesha milioni 890. Wakati huo mafuta ya mawese kutoka nje yameshuka bei na mauzo ya alizeti yamepungua. Hapo hutafutwa thamani ipatikanayo, ambayo ni kubwa kati ya mbili: fedha ambazo kiwanda kingeleta kama kingeuzwa baada ya kutoa gharama za kukiuza, na thamani ya leo ya mapato yatarajiwayo kama kitaendelea kufanya kazi. Ikionekana kuwa ni milioni 780, kuna hasara ya milioni 110, nayo huanza kukatwa katika kilemba, kikabaki milioni 90. Ikionekana kuwa ni milioni 600, hasara ni milioni 290. Kilemba chote hutoweka, na milioni 90 zilizosalia hugawanywa juu ya mali nyingine.

Msomaji ataona kwamba katika hesabu hiyo yote hakuna kinu kilichovunjika wala mfanyakazi aliyefanya hila. Kilichobadilika ni jibu la swali, "Je, ziada tuliyoilipa ingali na maana?" Mtu aliyelipa kilemba kikubwa kwa duka la kando ya barabara, kisha barabara ikahamishwa, hasemi kwamba duka limeharibika. Husema, "Kilemba changu kimepotea." Lugha ya sokoni imeiweka hasara mahali pake, kwa aliyelipa. Hili ndilo jambo ambalo "nia njema" haiwezi kulifanya, na ndilo linalotufanya tuling'ang'anie neno kilemba.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Itasemwa kwamba kilemba ni neno la mitaani. Mtaa ndio mahali biashara inapofanyika, na maneno kama "mtaji" na "gawio" hayakupungukiwa na heshima kwa kuzoewa na watu wengi. Itasemwa pia kwamba kilemba huhusu chumba tu. Ndiyo maana tunakiongezea "cha ununuzi", ili kilemba cha fremu kibaki na wapangaji. Tena itakumbushwa kwamba Waswahili wanao usemi wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa za uongo. Usemi huo hautuvunji moyo hata kidogo. Mnunuzi aliyeshawishiwa kulipa ziada isiyo na msingi amevikwa hicho hicho, na siku ukoka unapokauka ndipo wahasibu wanapoitwa.

Sasa tuigeukie istilahi ya pili. "Uharibifu" haufai, kwa kuwa humtafuta mharibifu. "Uchakavu" haufai, kwa kuwa umekwisha kupewa kazi ya kutaja kupungua kwa thamani ya mali kidogo kidogo kila mwaka kwa kutumika. Zamani kilemba nacho kilichakazwa hivyo. Chini ya kanuni ya kimataifa iliyotangulia ile ya mwaka 2004, kilikatwa mwaka hata mwaka kwa muda ambao kwa kawaida haukuzidi miaka 20. Kanuni ya 2004 iliukomesha utaratibu huo, ikaagiza kilemba kiachwe kama kilivyo na kipimwe angalau mara moja kila mwaka. Kuita matokeo ya kipimo hicho "uchakavu" ni kuirudisha kanuni iliyofutwa.

"Kushuka kwa thamani" kuna hatari nyingine, hasa kwa biashara ya nje. Magazeti huutumia msemo huo kila siku kwa shilingi inaposhuka mbele ya dola. Kanuni zinasema kwamba kilemba kilicholipwa kwa biashara ya nchi nyingine ni mali ya biashara hiyo, nacho huandikwa kwa fedha inayotumiwa na biashara yenyewe. Maana yake ni kwamba kilemba cha kiwanda cha Singida, kikihesabiwa kwa shilingi, kitaonekana kidogo katika vitabu vya London kila shilingi inaposhuka, ingawa kiwanda kinapata faida nzuri. Tofauti hiyo ya ubadilishaji wa fedha si hasara tunayoizungumzia, na wala haiandikwi mahali pamoja nayo. Mfasiri anayeziita zote mbili "kushuka kwa thamani" amefunga mambo mawili katika furushi moja.

Tumefikiri pia juu ya "kupwa kwa thamani", neno zuri la watu wa pwani. Lakini maji yakipwa hujaa tena, hali kilemba kilichopunguzwa vitabuni hakirudishwi, hata biashara ikistawi vipi baadaye. Mali nyingine, kama mitambo, zaweza kurudishiwa thamani yake kwa masharti fulani, kilemba kamwe. Tunahitaji neno linalotaja kitu kinachotoka kwa kipande, si kwa kusagika, nacho kikitoka hakirudi. Neno hilo ni "mmeguko". Ukingo wa korongo unapomeguka baada ya mvua, kila mkulima huelewa kwamba udongo ule haupandi tena. Tunapendekeza basi "mmeguko wa thamani" kwa mali zote kwa jumla, na "mmeguko wa kilemba" kwa jambo letu hili.

Yamebaki maneno mawili ya ile sentensi ya ukutani. "Kinachohangaika" ni sifa ya mtu mwenye dhiki, na biashara husemwa kuwa imezorota au inasuasua. "Ng'ambo" ni kosa la kuvutia zaidi, kwa sababu neno lenyewe ni Kiswahili safi. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na upande wa pili hutegemea msemaji amesimama wapi. Ng'ambo ya mji wa Unguja iliitwa hivyo na watu waliokuwa Mji Mkongwe. Mfasiri anayeandika Singida, kwa ajili ya watu wa Singida, kwamba Singida ni ng'ambo, ameazima macho ya mwenye kampuni pamoja na maneno yake. Wala si lazima pawe na bahari. Mwaka 2010 East African Breweries ya Nairobi ilinunua asilimia 51 ya hisa za Serengeti Breweries ya Tanzania, na kilemba cha ununuzi huo kikaingia katika vitabu vya Nairobi. Kwa mhasibu wa Nairobi, Tanzania ni nchi ya nje. Kwa mkulima wa mtama wa Singida, Nairobi ndiyo nje. Dawa ni kutaja mahali kwa jina lake.

Mtumishi wa serikali aweza kuuliza kwa nini ajishughulishe na haya. Tunamjibu kwamba kutofahamu istilahi hizi kwaweza kumfanya akubali hoja isiyo na msingi. Mmeguko wa kilemba hautoi hata shilingi moja katika sanduku la kampuni. Fedha zilikwisha kutoka siku ya ununuzi. Tena, kampuni ya nje inaponunua hisa, kilemba huonekana katika hesabu zilizounganishwa za kampuni mama, si katika vitabu vya kampuni tanzu iliyopo Singida. Ushuru wa huduma wa halmashauri hukadiriwa juu ya mauzo, na mrabaha wa madini juu ya thamani ghafi ya madini. Hakuna hata kimoja kinachopungua kwa sababu ya mmeguko uliotangazwa mbali. Afisa anayesoma "hasara kubwa" bila kujua ni hasara ya namna gani aweza kusamehe kisichosameheka. Na kiongozi wa chama cha wafanyakazi aweza kuinamisha kichwa katika majadiliano ya mshahara, akidhani kwamba kiwanda kimefilisika.

Si kwamba hasara hizo ni mchezo wa kalamu tu. Mmeguko ni dalili kwamba wenye mali wanatarajia mapato madogo kuliko zamani, na huenda wakafuata uamuzi wa kufunga au kuuza. Katika hesabu za mwaka 2017 Acacia Mining, iliyokuwa na migodi katika mikoa ya Shinyanga na Mara, iliandika mmeguko wa thamani ya migodi yake wa dola za Marekani milioni 644 baada ya kodi, kufuatia zuio la kusafirisha makinikia nje lililoanza Machi mwaka ule. Mwaka 2019 kampuni hiyo ikachukuliwa yote na Barrick. Anayesema kwamba mmeguko si kitu hukosea sawasawa na anayedhani kwamba ni fedha iliyoibwa.

Na hilo neno makinikia litupe moyo. Kabla ya mwaka 2017 walilijua wataalamu wachache. Wengine walisema "mchanga", na mchanga ulimfanya msikilizaji aone kitu kisicho na thamani, au aone udanganyifu mahali pasipo nao. Ilipofika haja, neno lilikuwapo, likaenea nchi nzima kwa muda mfupi, wala hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu. Wananchi huzipokea istilahi mpya zikiwa zimekwisha kuandaliwa na zinataja jambo lenyewe. Kinachowashinda ni istilahi inayotaja jambo jingine.

Turudi basi kwenye tangazo letu la mfano na kuliandika upya: "Kampuni mama imeingiza vitabuni hasara itokanayo na mmeguko wa kilemba ilicholipa ilipokinunua kiwanda cha Singida, ambacho biashara yake imezorota." Sentensi imekuwa ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza. Lakini sasa yule mzee wa kinu anajua nani alilipa, nani amepata hasara, na kwa sababu gani. Na anajua kwamba nia yake haikutiwa katika hesabu.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa biashara na wahasibu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao za kila siku. Mwenye neno bora kuliko kilemba na alilete, alimradi limwelekee anayelipa. Na mwenye neno bora kuliko mmeguko na alilete pia, alimradi lisiahidi kurudi kwa kisichorudi.